Diski ya Jarida na Nyimbo Sita za Mwalimu

Diski ile ilifika ofisini kwetu ikiwa imebandikwa kwa gundi kwenye jalada la jarida la kompyuta. Bosi wangu alikuwa Nairobi, ndege yake ya kurudi ikachelewa, na katika kuzungukazunguka pale uwanjani akaliona jarida lenye picha ya printa iliyofanana na yetu. Akalinunua. Alilisoma njiani, akalikuta limejaa mambo asiyokuwa na haja nayo, na Jumatatu asubuhi akaliweka juu ya meza yangu na kuniambia kwamba nikipata jambo la maana humo nimweleze.

Nilikuwa karani wake, na karani wa pekee. Kampuni yetu iliuza pampu za maji pale Nakawa, upande wa viwandani, ofisi ikiwa ghorofani na ghala chini yake. Bosi alikuwa Mganda wa Kibuli, mtu wa makamo aliyekwisha kuhiji, kwa hiyo wafanyakazi na wateja wote walimwita Hajji. Mimi ni Mkenya, nimezaliwa upande wa Kakamega. Nilikuja Kampala miaka michache baada ya vita vya themanini na sita, wakati ofisi zilikuwa zinafunguliwa upya na wapiga chapa wenye cheti walitafutwa kila mahali. Nilikuja kwa nia ya kukaa miaka miwili. Wakati wa habari hii nilikuwa nimekwisha kukaa karibu kumi, nikipanga vyumba viwili Mbuya, kwenye mteremko.

Kazini tulizungumza Kiingereza, na wateja Kiganda. Kiswahili Hajji alikizungumza na mimi tu, na ilikuwa lazima awe amefurahi sana au amekasirika. Alisema mwenyewe kwamba alikijifunza kwenye vizuizi vya barabarani, enzi za wanajeshi, kwa hiyo amri alizijua zote na salamu chache.

Saa ya chakula siku hiyo nilibaki peke yangu ofisini. Niliibandua diski jaridani, gundi ikaninata vidoleni, nikaitoa katika karatasi yake. Kompyuta yetu ilikuwa na mahali pa kutia diski, lakini tangu fundi aliyeileta hakuna aliyepagusa. Niliogopa kidogo. Fundi huyo alikuwa ametuonya kwamba diski za watu huleta virusi, na mimi wakati huo sikuwa na hakika kama virusi vya kompyuta vinaonekana kwa macho. Nikaitia hata hivyo. Mashine ikavuma kwa ndani kama kinu cha kusaga mahindi kilicho mtaa wa pili, kisha kwenye kioo yakatokea majina ya programu, moja chini ya nyingine, zaidi ya hamsini.

Nyingi hazikunihusu. Kulikuwa na ya kupanga makabati ya jikoni, kulikuwa na michezo ya magari, kulikuwa na ya kuhesabu siku za mimba. Kulikuwa na moja ya samaki wa rangi waliokuwa wakiogelea kwenye kioo wakati kompyuta haitumiwi. Hiyo niliipakia, na Hajji aliporudi akasimama akawatazama samaki muda mrefu, akasema nisiwatoe.

Karibu na mwisho wa orodha ndipo nilipoiona programu ya kuandika muziki. Niliifungua ili tu nione. Ukatokea ukurasa mweupe wenye mistari mitano mitano, kama ile niliyokuwa nimeiona katika vitabu vya wamisionari nilipokuwa shuleni. Mimi muziki wangu ulikuwa wa sol-fa, do re mi zilizoandikwa kwa herufi. Mistari mitano sikuweza kuisoma. Nilibonyeza kipanya juu ya mstari mmoja, ikakaa noti nyeusi. Nikabonyeza tena, ikakaa nyingine. Chini kulikuwa na alama ya kucheza. Nilipoibonyeza, kile kipaza sauti kidogo cha kompyuta kikatoa sauti mbili nyembamba, moja chini na moja juu. Nikatazama mlangoni kama mtu aliyeshikwa akifanya kosa.

Mtu niliyemfikiria mara moja alikuwa Mwalimu.

Kanisani kwetu Mbuya kulikuwa na ibada ya Kiswahili Jumapili mchana. Tuliosali pale tulikuwa Wakenya tulioletwa na kazi, Wakongo waliokimbia vita upande wa Kivu, na wake wa askari. Kwaya ilikuwa na watu kumi na tisa, nami niliimba alto. Mwalimu wetu alikuwa mzee wa Bukavu, mtu mrefu mwembamba ambaye kwao alikuwa amefundisha shule ya msingi zaidi ya miaka ishirini na kuongoza kwaya ya shule hiyo. Hapa Kampala alikuwa akikaa pembeni mwa soko la Nakawa akirekebisha zipu za mabegi na mbavu za miavuli. Tulimwita Mwalimu, na mkewe tulimwita Mama Mwalimu. Mkewe alikuja kila Jumapili, akakaa benchi la nyuma kabisa, na hakuimba. Tulidhani ni mtu asiyejua kuimba. Wapo.

Mwalimu alikuwa ametunga nyimbo karibu arobaini katika maisha yake. Zote zilikuwa katika madaftari mawili yenye jalada gumu, na madaftari hayo yalibaki juu ya kabati siku waliyotoka nyumbani, kwa sababu mikono yake ilikuwa imembeba mama mkwe. Nyimbo alizotufundisha alizitoa kichwani. Aliwaimbia soprano sauti yao, akageukia alto, akaenda kwa teno, akamalizia besi, kisha akarudi kwa soprano na kukuta wamesahau. Wimbo mmoja ulichukua miezi miwili. Karatasi zetu za sol-fa tulizoandika kwa mkono hazikufanana. Kila mtu alikuwa na makosa yake.

Alhamisi baada ya mazoezi nilimweleza juu ya diski. Alinisikiliza akiwa anafunga koti. Akauliza kama ni mashine inayotunga nyimbo. Nikamwambia hapana, inaandika unachoiambia, halafu inakusomea. Akauliza kama inasoma sauti zote nne kwa pamoja. Nikasema nadhani. Akasema kwa Kiswahili chao cha Bukavu, "Dada, mi sijasikia sauti zangu nne pamoja, za kweli, tangu nyumbani. Hapa mnaniimbia tatu na nusu."

Ilinibidi kuomba ruhusa. Hajji alipokuwa amemaliza chai nilimwendea, nikamweleza kwamba kuna mzee wa kanisani, na kwamba Jumamosi ofisi ikifungwa saa saba tungependa kutumia kompyuta. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maswali mengi. Aliuliza moja: kama ni nyimbo za kanisa. Nikasema ndiyo, Hajji. Akageuka akawatazama samaki wake kwenye kioo.

"Jumamosi mimi siko," akasema. "Kalatasi mje na zenu. Na kompyuta isiniharibikie."

Mwalimu alikuja Jumamosi hiyo akiwa amevaa suti aliyovaa Jumapili, na viatu vimepakwa rangi. Nilimvutia kiti karibu na changu. Hakutaka kushika kipanya. Alisema vidole vyake vimezoea sindano na vitabonyeza mahali pasipofaa. Kwa hiyo yeye alitaja na mimi nikaandika: so, pigo moja, la, nusu, do ya juu, mapigo mawili. Mistari mitano alikuwa ameisoma kwa mapadre alipokuwa kijana, akawa ananielekeza kwa kidole, bila kugusa kioo, noti ikae kwenye mstari au katikati ya mistari. Nilikuwa mzito. Ukurasa wa kwanza ulitupotezea saa nzima.

Tulipofika mwisho wa ubeti nikamwuliza kama tusikilize. Akatikisa kichwa kukubali. Nikabonyeza. Sauti ilikuwa mbaya, ya bati, kama saa ya mkononi inayomwamsha mtu. Lakini zilikuwa sauti nne, na ziliingia mahali pake. Mwalimu alisimama. Alisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja ukipiga mapigo karibu na paja, na ilipokwisha akaomba irudiwe. Mara ya tatu akainua kidole.

"Pale. Alto inadanganya."

Tukatafuta, na kweli. Nilikuwa nimeiweka noti moja juu mno. Nikairekebisha. Akakaa, akatoa kitambaa, akajipangusa uso kama mtu aliyetoka kwenye jua.

Tulikuwa ukurasa wa tatu nilipotaka kuhifadhi kazi, na hapo programu ikanionyesha maandishi ya Kiingereza. Nikayasoma mara mbili kabla ya kumtafsiria. Hili lilikuwa toleo la majaribio. Lingefanya kazi siku thelathini tangu siku lilipofunguliwa, na mimi nilikuwa nimelifungua Jumatatu. Lingechapa kwenye karatasi. Lakini kuhifadhi halikuruhusu mpaka mtu anunue toleo kamili, kutoka mji fulani wa Uingereza.

"Kwa hiyo tukifunga, inapotea?" Mwalimu akauliza.

"Inapotea."

"Na umeme ukikatika?"

Kila mtu wa Nakawa alijua jibu. Kulikuwa na kisanduku cha betri chini ya meza, cha kusaidia kompyuta dakika chache umeme ukienda, lakini kilikuwa kimekufa muda mrefu na mimi nilikuwa nikikitumia kuwekea miguu. Tukaendelea kwa haraka. Saa kumi kasorobo, tukiwa tumebakiza mistari miwili tu, feni ikapunguza mwendo, taa zikafifia, na kioo kikawa cheusi.

Tulikaa pale tukisikiliza jenereta za majirani zikiwashwa moja moja. Nilitaka kulia. Nilimwomba msamaha, kwamba ilinipasa kuchapa kurasa mbili za kwanza kabla ya kuendelea. Alisema hakuna neno. Akanieleza, kwa utulivu kabisa, kwamba wakati tukiandika alikuwa ameona teno ya ubeti wa pili ilikuwa imekaa vibaya tangu zamani, na sasa ana nafasi ya kuitengeneza. Kisha akasema jambo la maana zaidi: tumebaki na Jumamosi tatu, na arobaini haziwezekani. Lazima achague.

Wiki ile alichagua. Alikuja Alhamisi na kipande cha boksi la sigara, nyuma yake ameandika majina ya nyimbo, mengine amekata, mengine amekata na kuyarudisha. Wanakwaya wenzangu walipopata habari kila mmoja akawa na maoni. Besi walitaka wimbo wa Krismasi, kwa kuwa wao ndio wanaouanza. Kulikuwa na mama mmoja wa soprano aliyedai wimbo wa arusi, kwa sababu ndio ulioimbwa kwenye arusi yake. Mwalimu aliwasikiliza wote, akaweka kipande cha boksi mfukoni, na hakumwahidi mtu.

Jumamosi ya pili umeme ulikaa. Tulikuwa tumejifunza: ukurasa ukikamilika tunauchapa hapo hapo. Printa yetu ilikuwa ya sindano, yenye kelele, na ilichapa noti polepole kama mtu anayechora. Tulipata nyimbo mbili nzima. Chini ya kila ukurasa programu iliweka mstari wa Kiingereza wenye maana kwamba nakala hii haijasajiliwa. Mwalimu aliniuliza umeandikwa nini, nikamweleza. Wakati huo yeye na mkewe walikuwa katika mwezi wa tisa wakifuatilia karatasi zao za ukimbizi, wakienda ofisi moja na kuambiwa warudi wiki ijayo.

Akautazama ule mstari, akacheka kidogo. "Hata nyimbo nazo zinangoja," akasema.

Jumamosi ya tatu tulianza na wimbo aliouweka juu ya orodha tangu mwanzo. Aliutunga kwa ajili ya wanafunzi wake wa darasa la sita, mwaka mmoja mvua zilipozidi na shule ikahamia kanisani. Tuliandika sehemu ya kwanza bila shida. Sehemu ya mwisho aliitaja pia bila kusita. Lakini katikati kulikuwa na mahali ambapo soprano huimba peke yao, wenzao wakivuma tu, na mahali hapo Mwalimu hakuwa napo. Alikuwa amepatafuta kwa wiki mbili, akiwa sokoni, akiwa kitandani. Alinitajia njia moja, tukaiandika, tukaisikiliza, akakunja uso. Akataja nyingine. Hiyo nayo akaikataa. Ya tatu akasema, haya, iache, inafanana. Lakini niliona amevunjika moyo.

Mama Mwalimu alikuwa ametuletea chakula. Alikuwa amepanda ngazi kimya, ana sufuria ndogo ya sombe, mboga yao ya majani ya muhogo, imefungwa kwa kitambaa, na bugali, ugali wa kwao, katika bakuli, na tulipomwona alikuwa amekwisha kusimama mlangoni. Nilikuwa nimebonyeza ile sehemu ya katikati ili tuisikilize mara ya mwisho. Ikaimba na sauti yake ya bati, kisha ikanyamaza.

"Siyo vile," Mama Mwalimu akasema.

Mumewe akageuka. "Ni vile gani?"

Aliweka sufuria juu ya kabati la mafaili, akaweka bakuli juu yake, akavuta kitambaa cha kichwani kikakaa sawa. Halafu akaimba. Aliimba akiangalia dirisha, kwa sauti ndogo iliyokwaruza mwanzoni, ikapanda mahali ambapo sikutegemea itapanda, ikakaa juu pale, ikashuka kwa hatua tatu. Sikuwahi kusikia soprano ya namna ile katika kwaya yetu. Mwalimu alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mkewe alipomaliza akamwambia arudie, polepole, na yeye akaanza kunitajia noti kutoka kinywani mwa mkewe huku mimi nikibonyeza, na kila alipotaja, Mama Mwalimu alisubiri, kisha akaendelea kuanzia pale alipoachia.

Baadaye, tukila, ndipo nilipoelezwa. Alikuwa soprano wa kwanza katika kwaya ya walimu, na Mwalimu alikuwa akimjaribishia kila wimbo jikoni kabla ya kuupeleka shuleni. Nilimwuliza mbona kwetu haimbi. Alisema alipofika Kampala alifungua kinywa kanisani Jumapili ya kwanza, sauti ikakataa, na hakutaka kuilazimisha. Alisema hivyo bila huzuni, akiniongezea sombe, kama anayeeleza habari za goti linalouma.

Wimbo ule ulikuwa mrefu na ulitumaliza Jumamosi nzima. Jumamosi ya nne tuliandika mbili, fupi, moja yao ya Krismasi, na besi wakaridhika. Kwa hesabu hiyo zilikuwa tano, na siku thelathini zilikuwa zinakwisha Jumanne.

Mwalimu alikuwa radhi kuishia hapo. Ni mimi niliyekuwa na tamaa. Fundi wa kompyuta alipokuja wiki ile kusafisha printa nilimwuliza, kana kwamba ni jambo la kupita tu, kama kuna njia ya kuzirefusha siku. Akasema ni rahisi: irudishe nyuma tarehe ya kompyuta, programu itadhani bado ni mwezi uliopita. Jumamosi ya tano nilifanya hivyo. Programu ikafunguka bila swali, na tukaandika wimbo wa sita, ule wa arusi. Tulimaliza mapema. Nilifunga ofisi nikiwa na furaha, na tarehe nikaisahau.

Jumatatu niliandika barua ya kuagiza pampu kutoka kwa msambazaji wetu wa Mombasa. Kompyuta iliweka tarehe yenyewe, kama ilivyozoea, na mimi nikaituma kwa faksi bila kuitazama. Kule Mombasa waliiona ina tarehe ya mwezi uliopita, wakadhani ni nakala ya barua waliyokwisha kuishughulikia, wakaiweka kando. Pampu hazikupakiwa. Siku kumi baadaye wateja wawili walikuja dukani kuchukua mali yao na hawakuikuta. Hajji akapiga simu Mombasa, akasema nao kwa muda mrefu, kisha akatoka chumbani kwake akasimama mbele ya mashine ya faksi. Alisema mashine hii imezeeka, inabadili maneno, afadhali tuitupe.

Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Nikisema ukweli wangu, ilikuwa rahisi sana kukubali. Faksi haikuwa na mdomo. Nilipanga hata sentensi ya kumjibu. Lakini nilijua kwamba angenunua nyingine na kila nikiitazama ningejua.

"Hajji," nikasema, "si faksi. Ni mimi."

Nikamweleza yote: siku thelathini, fundi, tarehe, wimbo wa sita. Hakunikatiza. Nilipomaliza alivuta kiti cha wageni akakaa, na tangu nianze kazi pale sikuwa nimemwona akikaa kwenye kiti cha wageni.

"Wewe ulidanganya kompyuta," akasema. "Kompyuta ikadanganya Mombasa."

"Ndiyo, Hajji."

"Na mimi nikadanganya wateja. Niliwaambia mali iko njiani. Mtu akikuja dukani kwangu, ananunua neno langu kwanza, pampu baadaye. Unaelewa?"

Nilimwambia naelewa. Nilingoja aniambie nikusanye vitu vyangu. Badala yake akaniuliza nyimbo ni ngapi, nikasema sita, akaniambia nizilete. Nilizitoa katika droo yangu, kurasa ishirini na moja, nikamkabidhi. Alizigeuza moja moja. Muziki hakuusoma, lakini maneno yalikuwa ya Kiswahili na aliyafuata kwa kidole, akitamka kwa sauti ya chini. Katika wimbo wa mvua alikaa muda mrefu zaidi. Kisha akanirudishia.

Aliniagiza niwapigie wateja wote wawili simu mimi mwenyewe, niwaeleze kwamba kosa ni la ofisi, niseme siku ya kweli. Alisema tarehe niirudishe sasa hivi, yeye akitazama. Niliirudisha. Programu ya muziki ilipofunguliwa baada ya hapo ilitoa maneno mawili ya Kiingereza, ya kwamba muda umekwisha, na haikufunguka tena. Hajji alipokuwa akiondoka akasimama mlangoni, na bila kunigeukia akasema watu wa kwaya wakitaka kopi, mashine ya kopi iko, ila baada ya kazi.

Tulipiga kopi ishirini za kila wimbo. Alhamisi iliyofuata, kwa mara ya kwanza, kila mwanakwaya alikuwa na karatasi sawa na ya mwenzake. Ilikuwa vurugu mwanzoni, kwa kuwa wengi hatukuijua mistari mitano. Mwalimu alileta ubao mdogo, akaanza kutufundisha kusoma kama watoto wa darasa la kwanza, dakika ishirini kabla ya kuimba. Mwenzangu wa alto aliyekuwa mke wa askari, na ambaye alikuwa akiimba kwa kunifuata mimi kwa sikio, ndiye aliyeshika haraka kuliko sote. Ndani ya mwezi alikuwa ananisahihisha.

Soprano walipata taabu na ile sehemu ya katikati. Walikuwa wanaifikia ile noti ya juu kwa kuiparamia. Mama Mwalimu aliwavumilia Alhamisi mbili kutoka benchi la nyuma, ya tatu akaja mbele akasema amekuja kuwarekebisha tu, hakuja kuimba. Aliwaonyesha. Wakamwomba awaonyeshe tena. Baada ya wiki kadhaa alikuwa amesimama katika mstari wao na karatasi mkononi, na hakuna aliyelitaja jambo hilo, wala mumewe.

Siku ya sikukuu ya mavuno tuliimba tatu kati ya zile sita. Kanisa lilikuwa limejaa ndizi na mabuyu ya maziwa hadi chini ya mimbari. Wimbo wa mvua tuliuimba wa mwisho. Haukuwa mkamilifu, teno waliingia mapema, na besi mmoja alikohoa mahali pa kimya. Lakini ilipofika zamu ya soprano peke yao, na sisi wengine tukivuma, nilimtazama Mwalimu. Alikuwa ameacha kuongoza. Mikono yake ilikuwa imeshuka, amesimama tu anasikiliza, na sisi tuliendelea wenyewe mpaka alipokumbuka kuinua mikono kwa ajili ya mwisho.

Karatasi zao zilipatikana mwaka uliofuata, na baada ya mwaka mwingine wakapelekwa nchi ya baridi, mbali, wao na mama mkwe. Tuliwasindikiza kwa sala na soda. Mwalimu alifanya kikao kifupi na kwaya, akasema kazi yake atanikabidhi mimi, kwa sababu nimeziandika nyimbo kwa mkono wangu na najua zilipo. Nilikataa. Nilisema mimi ni mpiga chapa. Akasema na yeye alikuwa mshona zipu.

Alhamisi ya kwanza bila yeye nilifika mapema kuliko wote, nikafungua madirisha, nikapanga viti. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuanzia, nikayasahau. Wanakwaya walikaa wakaniangalia, wapole kabisa. Nikatoa noti ya kwanza, juu mno, soprano wakashindwa, wakacheka. Nikaishusha, tukaanza tena.